Mexico City na miji ya kikoloni kwa siku tisa: chagueni upande mmoja tu

Swali lenyewe kwa ufupi: "Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston na mama yangu mwenye miaka 68. Tuna pasipoti za Tanzania na kadi za ukaazi wa kudumu wa Marekani. Tumepata siku tisa, kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi 3 Novemba. Tunataka kuona Mexico City pamoja na ile miji iliyojengwa na Wahispania: Puebla, Cuernavaca, Taxco, Querétaro, San Miguel de Allende na Guanajuato. Mama anatembea vizuri, ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi na milima. Hatutaki kuendesha gari. Utupangie vipi, na usalama ukoje?"

Marahaba, binti yangu. Mpe mama salamu, umwambie magoti yake yamenirahisishia kazi. Jibu langu ni hili: mlale Mexico City siku tano, kisha Puebla siku tatu, na miji mingine mitano muiache. Najua umeshaziona picha za San Miguel na moyo umeshafika kabla ya miguu. Nitaizungumzia, usikate tamaa mapema.

Orodha yako haina ubaya wa wingi peke yake. Ubaya wake mkubwa ni mahali miji yenyewe ilipo. Ukiitazama kwenye ramani ya simu unaona imeuzunguka mji mkuu, huu saa mbili, ule saa tatu, na mtu anadhani atatoka mmoja kwenda mwingine kama anayetembelea majirani. Barabara za mabasi haziendi hivyo. Zinatoka Mexico City kama spoku za baiskeli, na ukitaka kuhama spoku mara nyingi unarudi kwanza katikati. Fikiria mgeni aliyekuja Dar es Salaam kwa wiki moja anataka Bagamoyo, Kilwa na Kondoa. Yote ni Tanzania, yote yana historia, ila hakuna anayetoka Kilwa kwenda Kondoa bila kwanza kupambana na foleni za Dar.

Tena Mexico City ina vituo vikubwa vinne vya mabasi ya mikoani, kila kimoja kwa upande wake wa nchi. Mabasi ya Puebla hutokea TAPO, upande wa mashariki. Ya Cuernavaca na Taxco hutokea Tasqueña, kusini. Ya Querétaro, San Miguel na Guanajuato hutokea Terminal del Norte, kaskazini. Kutoka kimoja kwenda kingine mkiwa na masanduku, saa za foleni, ni nusu siku imekwenda. Nililipokea kundi moja ambalo wakala wao aliwapangia Puebla siku ya kwanza na Taxco siku ya pili. Walifika Taxco usiku, wakaliona kanisa maarufu la Santa Prisca kwa tochi za simu, na alfajiri wakarudi. Mzee mmoja aliniambia kitu alichokiona vizuri kuliko vyote Meksiko ni mgongo wa kiti cha mbele yake.

Umbali ni hivi, kwa basi, siku ambayo barabara imetulia. Cuernavaca saa moja na nusu. Puebla saa mbili. Taxco karibu saa tatu. Querétaro saa tatu. San Miguel saa nne. Guanajuato saa tano. Ijumaa jioni na siku za sikukuu ongeza saa nzima, wakati mwingine mbili.

Sasa tuiweke miji hiyo mbele ya magoti ya mama. Taxco ni mji uliobandikwa kwenye ubavu wa mlima. Ni mzuri ajabu: nyumba nyeupe, vigae vyekundu, teksi nyeupe za Volkswagen kobe zikipandisha vichochoro kwa kunguruma, na Santa Prisca, ambalo tajiri wa fedha José de la Borda aliligharamia likajengwa kati ya 1751 na 1758. Ila hakuna mtaa ulio tambarare, na mawe ya njiani yamesuguliwa na magurudumu hadi yanateleza. Juu ya hapo Taxco iko jimbo la Guerrero, ambalo serikali kadhaa zimekuwa zikiwaonya raia wao kulihusu. Mtu peke yake mwenye miguu mizuri na anayeijua lugha ningezungumza naye vingine. Wewe na mama, hapana.

Guanajuato ninaipenda kuliko zote, nikiri mapema. Ni mji wa migodi ya fedha uliojaa kwenye bonde jembamba, barabara zake za magari zimepita chini ya ardhi kwenye mahandaki, na juu watu wanatembea kwenye vichochoro vya ngazi. Hizo ngazi ndizo zinazowatoa ninyi. Tena Oktoba kuna tamasha kubwa la sanaa la Cervantino, linalofanyika tangu 1972, na vyumba hujaa hadi mwisho wa mwezi. Iacheni kwa mwaka mwingine, mama abaki na dada zako.

Cuernavaca iko karibu, hali ya hewa yake ni ya bustani, na lipo jumba la Cortés, kamanda wa Wahispania walioiteka Meksiko, lenye michoro ya ukutani ya msanii Diego Rivera. Kwa mtu mwenye wiki tatu, sawa.

Inabaki Puebla na Querétaro, miji miwili ya tambarare. Kwa tarehe zenu Puebla inashinda.

Nianze na mji mkuu kwa kuwa ndiko mtakakoanzia. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Njombe, na ninyi mnatoka Houston ambako mawimbi yakikohoa mnaloa. Siku ya kwanza mtajisikia wazito, mtahema kwenye ngazi fupi tu, huenda na kichwa kikagonga. Hiyo si homa. Maji mengi, chakula chepesi jioni, na siku ya kwanza msipange kitu zaidi ya kukaa kwenye bustani. Kama mama ana presha, azungumze na daktari wake kabla ya kununua tiketi.

Siku ya pili nendeni Zócalo, uwanja mkuu. Pale ndipo palipokuwa moyo wa Tenochtitlan, mji wa Waazteki ulioanzishwa 1325 kwenye kisiwa katikati ya ziwa na ukaangushwa na Hernán Cortés na washirika wake wenyeji tarehe 13 Agosti 1521. Wahispania walibomoa mahekalu, wakatumia mawe yale yale kujengea mji wao. Mwaka 1978 mafundi wa umeme walikuwa wanachimba mtaro nyuma ya kanisa kuu, jembe likagonga jiwe la duara lenye upana wa zaidi ya mita tatu, limechongwa mungu wa kike aliyekatwa viungo. Ndivyo Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki, lilivyorudi juani, na leo unatembea kwenye magofu yake huku kengele za kanisa zikilia juu ya kichwa chako. Kwangu mimi hapo ndipo neno "kikoloni" linapoacha kuwa pambo la kadi ya posta.

Kisha mwingie kanisa kuu, lililojengwa kuanzia 1573 hadi 1813. Msiangalie dhahabu kwanza. Mwambie mama asimame katikati, chini ya kuba, atazame ile timazi ndefu inayoning'inia kutoka juu, kama ya fundi mwashi anayepima ukuta. Chini yake sakafuni kuna alama zinazoonyesha jengo limehama kiasi gani. Jiji lote limekaa juu ya tope la ziwa lililokaushwa, na kwa kuwa maji yanavutwa kutoka chini ya ardhi kila siku kwa ajili ya mamilioni ya watu, ardhi inashuka, pengine sentimita kadhaa kwa mwaka, na haishuki sawasawa. Ukitoka nje ukayatazama majengo ya jirani utaona moja limeinamia huku, jingine kule, kama watu waliochoka kwenye foleni ya benki.

Siku ya tatu, Museo Nacional de Antropología iliyoko Chapultepec, iliyofunguliwa 1964. Ni kubwa mno. Msijaribu kumaliza vyumba vyote. Ingieni ukumbi wa Waazteki na wa Wamaya, mkae kwenye ua chini ya ile nguzo kubwa inayomwaga maji, basi. Makumbusho mengi Meksiko hufungwa Jumatatu, na Jumapili wenyeji huingia bure kwa hiyo hujaa. Angalia kalenda ya mwaka wako kabla hujagawa siku.

Siku ya nne ndiyo zawadi yangu kwako, maana inakupa mji wa kikoloni bila kupanda basi. Nendeni Coyoacán. Leo ni mtaa wa Mexico City, lakini zamani ulikuwa mji wake peke yake, na ndiko Cortés alikoweka makao baada ya Tenochtitlan kuwa kifusi. Kuna viwanja viwili vyenye miti, kanisa la zamani, nyumba za rangi ya udongo na bluu, na mitaa ambayo mama ataimudu. Casa Azul, nyumba aliyozaliwa mchoraji Frida Kahlo mwaka 1907 na kufia humo 1954, iko hapo. Tiketi zake huuzwa mtandaoni kwa saa maalumu na huisha wiki kadhaa kabla. Usiende mlangoni ukitegemea bahati. San Ángel, jirani yake, nayo ni ya namna hiyo hiyo, na Jumamosi ina soko la kazi za mikono, ila mawe ya njia zake ni makali kidogo. Mtu aliyeona Coyoacán na San Ángel kwa utulivu ameona mengi ya yale aliyokuwa akiyatafuta Cuernavaca.

Siku ya tano iacheni wazi. Kama mama ana nguvu, Xochimilco, kwenye mifereji iliyobaki ya lile ziwa. Bei ni ya boti kwa saa, si ya kichwa. Mkubaliane kabla ya kukanyaga boti, na mpiga pondo ampe mama mkono maana chombo hucheza. Gati la Cuemanco lina kelele kidogo kuliko yale ya watalii. Piramidi za Teotihuacan nisingewapeleka. Ni kilomita 50 hivi kutoka mjini, njia yake kuu ni ndefu, kivuli hakuna, na hamtakosa mawe ya kale huko mwendako.

Sasa sababu ya kuanza na mji mkuu badala ya kuumalizia. Tarehe 1 na 2 Novemba ni Siku ya Wafu. Familia hujenga madhabahu ndogo nyumbani, huweka picha za marehemu, mishumaa, mkate maalumu, chakula alichokipenda, na yale maua ya rangi ya chungwa yaitwayo cempasúchil. Kwetu Pwani tumezoea hitima na arobaini. Huku marehemu wanaandaliwa meza, na watu wanacheka na kulia hapo hapo. Mexico City kuna gwaride kubwa la Jumamosi moja siku hizo, ambalo watalii hudhani ni la tangu enzi na enzi. Lilianza 2016, baada ya filamu moja ya kijasusi kulibuni kwa ajili ya kamera, na jiji likaona biashara. Ni zuri kwa runinga. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ni kusimama kwa muda wa saa nne nyuma ya migongo ya watu huku barabara zimefungwa. Coyoacán nayo usiku wa siku hizo haipitiki. Kwa hiyo tarehe 31 asubuhi muwe TAPO mkiondoka.

Tiketi za basi mnunue siku kadhaa kabla, kwa sababu wenyeji wengi husafiri kwenda kwao. Mabasi ya daraja la kwanza ni mazuri kuliko mengi niliyopanda Ulaya: viti vimeandikwa namba, mizigo inapewa kikaratasi, mlango wa abiria unakaguliwa. Kiyoyozi ni kikali, mama abebe kitenge ndani ya basi, asikiweke kwenye sanduku. Mkae upande wa kulia. Baada ya kuupanda mlima na kuanza kushuka, mawingu yakitaka, mtaiona Popocatépetl, volkano ya zaidi ya mita 5,000 yenye theluji kichwani na moshi ukitoka. Imekuwa ikikoroma tangu 1994, na Mei 2023 majivu yake yalifunga kwa muda viwanja vya ndege vya Puebla na vya mji mkuu. Siku nyingi inavuta tu kiko chake.

Puebla ilianzishwa 1531 na Wahispania mahali tambarare, katika njia ya kutoka bandari ya Veracruz kwenda mji mkuu. Kwa kuwa walikuwa wanaanza upya, walipiga mistari: mitaa imenyooka kama daftari la hesabu, na majina mengi ni namba. Utachanganyikiwa dakika kumi za kwanza. Barabara za Oriente na Poniente zenye namba shufwa ziko kaskazini ya katikati, zenye witiri ziko kusini. Ukishaelewa hilo huhitaji simu. Kwa mama maana yake ni njia pana, sawa, na benchi kila baada ya hatua chache.

Ndani ya eneo la kutembea dakika kumi na tano mnayo haya. Kanisa la Santo Domingo, na pembeni mwake Capilla del Rosario iliyokamilika 1690, ukuta mzima na dari vimefinyangwa na kupakwa dhahabu hadi jicho halipati pa kupumzika. Maktaba ya Palafoxiana, iliyoanzia 1646 askofu Juan de Palafox alipotoa vitabu vyake kwa sharti kwamba kila ajuaye kusoma, si mapadri pekee, aruhusiwe. Ina vitabu elfu 45 hivi kwenye rafu za mbao za mwerezi. Iko ghorofani, kwa hiyo muulizie lifti mlangoni. Kisha mtaa wa 6 Oriente, mtaa wa wauza pipi. Mwombe mama anunue "camote". Ni viazi vitamu vilivyopondwa, vikapikwa na sukari, vikaviringishwa kama vidole na kufungwa kwenye karatasi. Mama mmoja wa Tanga niliyempeleka alikula kimoja, akanyamaza, akasema, "Kumbe kiazi kinaweza kuvaa suti."

Vigae na sahani za Talavera ndiyo fahari ya mji. Kuna za kweli na kuna za rangi tu. Geuza sahani uangalie tako lake: ya kweli ina jina la karakana na alama ya uthibitisho, na rangi zimeinuka kidogo ukipitisha kidole. Karakana ya Uriarte, iliyoanza 1824, huonyesha wageni jinsi kazi inavyofanyika. Bei itakustua. Sahani moja ndogo ya kweli ni bora kuliko seti nzima ya uongo.

Chakula: mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, ufuta, karanga, viungo na chokoleti kidogo, juu ya kuku. Si mtamu kama watu wanavyodhani. Cemita ni mkate wenye ufuta uliojazwa nyama, jibini na parachichi. Mnaweza kugawana mmoja. Chiles en nogada, kile chakula cha rangi ya bendera, msimu wake ni Agosti na Septemba, kwa hiyo ukikikuta Novemba kipite. Asubuhi mtafutieni mama atole. Ni uji wa mahindi, jamani. Wanauuza mitaani kwenye masufuria makubwa pamoja na tamales, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya hindi. Mahindi yenyewe yalitoka Meksiko kabla hayajafika kwetu, kwa hiyo mama anakwenda kuonja uji kwa wenyewe. Maji ya bomba msinywe.

Siku moja ya Puebla ipeni Cholula, kama nusu saa kwa gari. Kile kinachoonekana kama kilima chenye kanisa juu ni piramidi, kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo, na Wahispania wakaweka kanisa kileleni. Mama asipande, atakaa chini na ataliona vizuri zaidi kuliko waliopanda. Baadaye mchukue teksi hadi kijiji cha Tonantzintla, hakiko mbali. Kanisa lake kwa nje ni dogo tu. Ndani, mafundi wenyeji walifinyanga malaika wenye sura zao wenyewe, matunda ya kwao, mahindi, pilipili, manyoya, rangi hadi juu. Kupiga picha ndani ni marufuku, na nadhani ndiyo maana watu humo hunyamaza kweli. Na kama tarehe 1 Novemba mnaweza kukodi gari na dereva kwa siku nzima, kijiji cha Huaquechula, kusini ya Puebla, hujenga madhabahu nyeupe za ghorofa kadhaa, zinazofika dari, kwa ajili ya waliofariki mwaka ule. Familia hufungua milango kwa wageni. Mbebe mshumaa mkononi, mwingie kwa adabu kama mnavyoingia msibani.

Jambo moja ambalo vitabu vya utalii hulipita haraka. Puebla ya karne ya 17 ilikuwa na Waafrika wengi watumwa, wapishi, wafumaji, makuli. Wengi waliletwa kutoka Afrika Magharibi na Angola kupitia Veracruz, lakini wapo waliotoka upande wetu: Wareno waliwachukua Msumbiji, wakawapitisha Asia hadi Manila, na kutoka huko merikebu za Wahispania zikawafikisha Acapulco. Kwenye nyaraka waliitwa "cafres", neno ambalo wewe na mimi hatuhitaji kutafsiriwa. Merikebu hizo hizo zilirudi Manila zimejaa fedha ya Meksiko, sarafu ya real, na jina hilo likasafiri hadi Uarabuni na mwambao wetu. Wazee waliohesabu mahari kwa riale walikuwa wanalitumia. Rais Vicente Guerrero, aliyekomesha utumwa 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 wanaojitambua kuwa Waafrika wa Meksiko. Pamoja na hayo mtatazamwa, na watoto wanaweza kuomba kupiga picha na mama.

Hilo linanileta kwenye karatasi. Kwa kuwa mna ukaazi wa kudumu wa Marekani hamhitaji viza ya Meksiko, ila beba kadi zenyewe pamoja na pasipoti. Picha kwenye simu haitoshi. Muwe nazo hata ndani ya basi. Miaka ya karibuni wahamiaji wengi kutoka Haiti na Afrika wamepita Meksiko wakielekea kaskazini, na maafisa wa uhamiaji hukagua vituoni na barabarani. Wanapoona sura nyeusi wanauliza. Onyesha, tabasamu, imekwisha. Aliye na viza hai ya Marekani naye huruhusiwa kuingia, lakini kama ni ya kuingia mara moja tu, suala lake ni la kurudi, na hilo amuulize mwanasheria kabla hajatoka.

Usalama wa hapo mnapokwenda ni ule wa jiji lolote kubwa. Usiku tumieni gari la kuitwa kwa programu ya simu, simu isikae mfuko wa nyuma, safari za mabasi ziwe za mchana. Metro ni peso 5 tu na ina mabehewa ya mbele ya wanawake, ila ngazi zake zitamaliza magoti ya mama kabla ya makumbusho. Kwenye mashine ya pesa, ikikuuliza ukubali kiwango chake cha kubadilishia, kataa; benki yako itakubadilishia kwa nafuu.

Hoteli ndiyo mtego mkubwa kuliko majambazi. Nyumba za kikoloni zilizogeuzwa hoteli zina ua mzuri, chemchemi katikati, na ngazi za mawe zenye kina kirefu. Picha za mtandaoni hazikuonyeshi. Kabla ya kulipa andika swali moja: "¿Hay elevador?" Wakijibu hapana, omba chumba cha "planta baja", yaani chini kabisa. Kumbuka "primer piso" kwao mara nyingi ni ghorofa ya kwanza juu, si chini.

Sasa San Miguel, nimekuahidi. Picha haziongopi. Lile kanisa la waridi lenye minara kama nta iliyoyeyuka lipo, uso wake ulijengwa na fundi wa hapo hapo, Zeferino Gutiérrez, mwishoni mwa karne ya 19, na jioni linang'aa kweli. Ila mji una Wamarekani na Wakanada wastaafu wengi, bei zimewafuata, njia ni za mawe na za kupanda, na Siku ya Wafu vyumba huisha miezi mingi kabla. Kama hutalala usingizi bila kuiona, basi Puebla iache kabisa, usizichanganye. Kutoka Houston kuna ndege za moja kwa moja hadi Querétaro. Shukeni huko, mlale siku tatu. Mji ni tambarare, una mfereji wa maji wa karne ya 18 wenye matao 74, na ndiko Maximilian, Mwaustria aliyewekwa na Wafaransa kuwa Kaisari wa Meksiko, alikopigwa risasi tarehe 19 Juni 1867. San Miguel iko kama saa moja na kitu: nendeni asubuhi, rudini jioni, mama akae kwenye bustani mbele ya kanisa na aiskrimu yake. Halafu basi hadi Mexico City, na mrudi Houston kutokea huko. Hiyo ni safari nzuri pia. Yangu ya kwanza ni bora.

Tukirudi kwenye mpango wangu wa Puebla: tarehe 3 Novemba msiingie tena katikati ya Mexico City. Kuna mabasi ya Estrella Roja yanayotoka Puebla moja kwa moja hadi Benito Juárez, uwanja wa ndege wa Mexico City. Hakikisha tiketi yako ya ndege ni ya uwanja huo na si wa Felipe Ángeles, ambao uko mbali kaskazini, maana watu wamelia kwa kosa hilo. Chagua ndege ya jioni, basi la asubuhi, na muache saa tano katikati kwa ajili ya foleni. Camote za kuwapelekea watu mnunue tarehe 2 jioni, zikiwa zimefungwa dukani, na mkifika Houston mzitaje forodhani. Maparachichi na yale maua ya chungwa muyaache Puebla, hata mama akisema ni ya kupanda tu uani.